Baba aliyebaki na vidole viwili, na binti aliyerudi na karatasi

Mzazi akimpeleka mtoto kusoma uuguzi, anajua atarudi na nini. Akimpeleka kusoma uhasibu, hali kadhalika. Lakini mzazi ambaye mwanawe amechagua muziki hukaa na swali moyoni miaka yote ya chuo, na majirani humsaidia kuliuliza: huyu atarudi na nini nyumbani?

Kwa familia moja ya Mkange, jibu lilikuja kwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

Mkange iko kaskazini mwa mji wa Bagamoyo, kwenye barabara inayotoka Makurunge kuelekea Pangani na Tanga, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ni eneo la wakulima na wafugaji. Baba wa nyumba hii analima ufuta na mahindi kama wenzake. Wazee wa rika lake, hata hivyo, humwita kwa jina la kazi yake ya ujanani: mpiga rithimu.

Miaka ya 1980 alikuwa Dar es Salaam, kwenye bendi ndogo ya mtaani iliyopiga mwisho wa wiki kwenye baa. Haikurekodi hata wimbo mmoja. Ilipovunjika, alirudi kijijini na mke, mtoto mchanga, gitaa la umeme na amplifaya moja ndogo. Mashamba yakachukua mchana, gitaa likabaki na jioni.

Ajali ya kiwiko

Miaka miwili iliyopita, bodaboda aliyopanda iliteleza kwenye tope la masika, naye akaangukia kiwiko cha kushoto. Mfupa uliunga. Kilichokataa ni mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, ule ambao mtu akijigonga husikia ganzi kama umeme mpaka kidole cha mwisho. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vilibaki vimekunjika, havina nguvu.

Jembe analishika. Gitaa likamshinda, kwa sababu kwa mpigaji asiye wa mashoto, mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi. Kordi, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, kwa kawaida hudai vidole vitatu au vinne. Yeye alibaki na viwili vinavyomtii, cha shahada na cha kati, na dole gumba la kushikilia shingo ya gitaa kwa nyuma.

Gitaa likatundikwa msumarini. Mwaka wa kwanza mama alilifuta vumbi kila Ijumaa. Mwaka wa pili baba akasema liuzwe. Mtu wa Miono alikuwa ameshataja bei, na fedha hiyo ingeziba pengo la ada ya muhula wa mwisho wa binti yao wa mwisho, ambaye alikuwa anasoma muziki Bagamoyo.

Yaani gitaa la baba liuzwe ili binti amalize kujifunza gitaa. Mama aliliona jambo hilo likiwa limekaa vibaya, lakini hakulipinga mbele ya wageni. Alimwambia mnunuzi asubiri ufuta uvunwe, kisha akampigia binti simu. "Mwanangu, rudi likizo hii. Baba yako amenyamaza."

Herufi tatu

Bagamoyo ina historia ndefu ya kufundisha sanaa. Chuo cha Sanaa kilianzishwa pale mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Kijana anayesoma muziki katika mji ule hupishana kila sike na wapiga ngoma, wachongaji na waigizaji, na anajifunza mapema kwamba kinachosikika kinaweza pia kuandikwa.

Binti alifika na gitaa kavu la kuazima na daftari. Baada ya shikamoo na marahaba, baada ya chakula, alimwomba baba aimbe ule wimbo wake wa zamani, alioutunga mama akiwa na mimba ya kwanza. Baba aliimba bila gitaa, macho yakiwa mlangoni. Binti akaandika maneno, na juu ya maneno akaweka herufi. Alipomaliza, wimbo mzima ulikuwa na herufi tatu tu zilizojirudia: G, C na D.

Baba aliiangalia karatasi kwa muda. "Ndio huu tu?"

Mama akadakia kutoka jikoni: "Wimbo ule ulinikalisha kwenye kiti cha plastiki mpaka saa saba usiku. Haiwezekani ukawa herufi tatu."

Binti hakuwa amekosea. Muziki una noti saba zinazoitwa kwa herufi, kuanzia A mpaka G, na herufi iliyoandikwa juu ya neno la wimbo humwambia mpigaji ni kordi gani ilie neno lile linapoimbwa. C ni noti tatu: C, E na G. Nyimbo nyingi za dansi, za kwaya na za shule zinatembea kwenye kordi tatu za namna hiyo. Ukurasa mmoja wenye sauti ya wimbo, maneno yake na herufi za kordi juu yake unatosha kuwapa wanamuziki wasiojuana pa kuanzia.

Wapigaji wa jazz wa Marekani wanaishi na kurasa za namna hiyo. Katikati ya miaka ya 1970, wanafunzi wa chuo cha muziki cha Berklee mjini Boston walikusanya mamia ya nyimbo kwa mtindo huo, wimbo mmoja ukurasa mmoja au miwili, wakatoa nakala bila idhini ya wenye nyimbo. Kitabu kile, The Real Book, kiliuzwa kwa siri kwa miaka mingi, mpaka toleo halali lilipotoka mwaka 2004. Wanamuziki hawakukipenda kwa sababu kina kila kitu. Walikipenda kwa sababu kina kidogo kinachotosha.

Ni kama mtu akuandikie pilau: mchele, nyama, kitunguu, binzari. Yote ni kweli. Lakini mwali aliyepewa orodha hiyo bila kusimama karibu na sufuria ya shangazi yake, siku ya wageni atajua kwamba orodha haikumwambia moto wa kiasi gani.

Baba hakuyajua hayo, na jioni ile hakutaka kuyajua. Aliona maisha yake yamewekwa kwenye nusu ukurasa. Akaaga, akaenda kulala kabla ya taarifa ya habari.

Jazz ya kwetu na jazz ya kwao

Siku ya pili alianza yeye, kwa ubishi. Kama huko wanafundisha jazz, alisema, basi jazz ameipiga kabla binti hajazaliwa.

Hapo pia kila mmoja alikuwa na haki yake. Katika Tanzania neno jazz lilikuwa jina la bendi za dansi kwa miongo mingi. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu miaka ya 1930. Morogoro Jazz ilianza miaka ya 1940, na baadaye zikasikika Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz na, mwaka 1964, NUTA Jazz. Muziki wao ulikuwa na mizizi kwenye santuri za Kuba, rumba ya Kongo na ngoma za hapa nyumbani kuliko kwenye vilabu vya New York. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, alijenga jina lake kama mpiga solo na mwimbaji wa Morogoro Jazz kabla ya kuanzisha bendi yake ya Super Volcano.

Katika bendi hizo gitaa moja halikubeba kazi yote. Solo lilizungumza na mwimbaji, rithimu lilishika mwendo, besi likaweka chini. Kordi za rithimu zilifundishwa kwa macho na masikio: kijana alikaa karibu na mkubwa, akatazama vidole, akakosea, akatazama tena. Elimu hiyo ilitoa wapigaji hodari. Udhaifu wake ni mmoja tu, kwamba mkubwa akinyamaza, darasa limefungwa.

Binti alilijua hilo, na ndilo lililomrudisha. Mama alimwambia kwenye simu kwamba baba amenyamaza. Yeye alisikia pia kwamba nyimbo kumi na moja ambazo hazipo kwenye mkanda wowote zimenyamaza naye.

Noti mbili zinatosha

Siku ya tatu alileta karatasi ya pili. Wimbo ni uleule, lakini mahali pa C alikuwa ameandika Am7, mahali pa D akaweka D7, na G ya mwisho wa mstari ikawa Gmaj7.

"Umeuvalisha suti wimbo wangu," baba alisema.

"Sikiliza kwanza, baba."

Alimweleza kama alivyoelezwa. Herufi ni noti ya kuanzia. Ile m ndogo inasema noti ya tatu imeshushwa kidogo, sauti iwe ya upole. Namba 7 inasema hesabu kuanzia noti ya kwanza, ukifika ya saba uiongeze. Am7 basi ni A, C, E na G. Na C ya baba, yaani C, E na G, yote imo ndani yake. Hakuna kilichotupwa, kimeongezwa chumba kwa chini.

Kisha akafika kwenye jambo lililomfanya asafiri. Katika kordi ya noti nne, noti zote hazina uzito sawa. Ya kwanza inaweza kuachiwa besi. Ya tano masikio huifidia yenyewe. Zinazoitambulisha kordi ni ya tatu na ya saba. Mpigaji akizipiga hizo mbili tu, na besi akaweka ya kwanza, msikilizaji husikia kordi nzima.

Ya tatu na ya saba za Am7 ni C na G. Za D7 ni F iliyopandishwa nusu hatua, na C. Za Gmaj7 ni B, na ileile F iliyopandishwa.

Kwenye gitaa hizo zote zinapatikana kwenye nyuzi mbili za katikati, wa nne na wa tatu, zikihesabiwa kutoka ule mwembamba. Kidole cha shahada kinabana uzi wa nne na cha kati kinabana uzi wa tatu, vyote kwenye freti ya tano: hiyo ni Am7. Cha shahada kinarudi nyuma freti moja, cha kati hakisogei: hiyo ni D7. Sasa cha kati kinarudi nyuma freti moja, cha shahada kinatulia: hiyo ni Gmaj7. Kordi tatu, vidole viwili, hatua mbili fupi. Kidole cha pete na cha mwisho havikuitwa.

Baba alijaribu. Uzi wa tatu ukatoa mlio mfu kama wa debe. Ngozi ya ncha za vidole ilikuwa imelainika kwa miaka miwili ya kutopiga, na mkono ulichoka kabla ya mstari kwisha. Aliliweka gitaa kitandani akatoka kwenda shamba, jua likiwa limeshapanda.

Binti hakumfuata. Mama alimkataza: "Mwache. Hajakasirikia wewe, kaukasirikia mkono."

Mkono wa kulia haukuanguka

Baba huyo si wa kwanza. Mwaka 1928 moto uliunguza gari la kukokotwa alimokuwa akiishi Django Reinhardt, kijana mpiga gitaa karibu na Paris. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vya mkono wake wa kushoto viliharibika. Ndivyo vilevile vya baba wa Mkange. Reinhardt alijifunza upya kwa vidole viwili kwa sehemu kubwa, na miaka michache baadaye kundi lake la Hot Club de France lilikuwa linasikika Ulaya. Hakuwa msomaji wa noti. Alifariki mwaka 1953, na mpaka leo wapigaji wenye vidole vyote vinne huhangaika kumfikia.

Yupo pia Freddie Green, aliyepiga rithimu kwenye bendi ya Count Basie kuanzia mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1987. Karibu hakupiga solo. Kazi yake ilikuwa mapigo manne kwa kila kipimo, usiku baada ya usiku, na waliomchunguza wanasema mara nyingi sauti iliyosikika kutoka kwenye gitaa lake ilikuwa ya uzi mmoja au miwili tu. Bendi nzima ya matarumbeta ilitembea juu ya hizo.

Binti alimsimulia baba habari za wawili hao usiku, wakiwa uani. Ya Reinhardt aliisikiliza kwa adabu. Ya Green ilimfanya ageuke. Mpiga rithimu alimtambua mpiga rithimu.

"Kwa hiyo kazi yake ilikuwa mkono wa kulia," alisema.

Hapo ndipo alipopata njia yake mwenyewe, ambayo karatasi isingeweza kumpa. Mkono wake wa kulia haukuanguka kwenye bodaboda. Kila kilichomfanya aitwe mpiga rithimu, ile namna ya kukwangua na kuzuia, kuwahi hapa na kuchelewa pale, kilikuwa upande ambao haukuumia. Alikuwa ameomboleza mkono mmoja akasahau kwamba wa pili mzima.

Kesho yake walikaa wote wawili. Binti alipiga noti za besi kwenye nyuzi nene za gitaa kavu, A, D, G. Baba akaweka zile noti mbili mbili juu yake. Walibishana kuhusu mlio. Binti, kwa mazoea ya jazz aliyosoma, alizungusha kitufe cha amplifaya akapunguza ukali, sauti ikawa ya duara na ya joto. Baba akasema amelifunika gitaa blanketi. Alirudisha ukali juu. Katika bendi yenye magitaa matatu, alieleza, rithimu lisipong'ara linamezwa na besi na kukanyagwa na solo. Linatakiwa lisikike kama njuga mguuni. Binti aliandika hilo pembeni mwa karatasi.

Aliandika mengine pia. Kwamba mstari wa tatu unaingia kabla mwimbaji hajamaliza pumzi. Kwamba kwenye chemko mkono wa kulia unabadilika. Kwamba mahali fulani C ibaki C, suti ivuliwe, kwa sababu maneno pale ni ya kijijini. Baba alikuwa anasahihisha karatasi aliyoidharau, na kila sahihisho liliifanya iwe yake.

Kilichobaki

Vidole havijapona. Daktari alishasema vinaweza visipone, na mazoezi aliyopewa anayafanya asubuhi na jioni. Anapiga nyimbo mbili, mkono unauma, anapumzika. Jukwaani harudi, na hajasema anataka kurudi. Ufuta ulivunwa, ada ikalipwa, mtu wa Miono akaambiwa kwa heshima kwamba gitaa haliuzwi tena. Kabla chuo hakijafunguliwa, nyimbo saba kati ya kumi na moja zilikuwa zimeandikwa. Nne zinasubiri likizo ijayo, na kusubiri huko kumempa baba kazi: jioni anakumbuka maneno, mama anamrekebisha, kwa sababu imedhihirika kwamba mama anazikumbuka kuliko yeye.

Nyumba nyingi zina mzee wa namna hii, na si lazima awe wa gitaa. Yupo bibi anayejua dawa ya kikohozi kwa majani ya porini, babu anayejua kusuka dema la samaki, mama anayejua nyimbo za unyago. Mtoto akirudi kutoka shule au chuo na elimu yake ya karatasi, wazazi wengi humwomba aitumie kutafuta kazi tu. Mwombeni pia akae na mzee, aandike. Na mzee akiona alichoandika mtoto kimepungua, asikasirike akalale. Aulize kalamu iko wapi. Kupungua kwa karatasi ndiko kunakomfanya mzee afungue mdomo.

Siku hizi simu inaweza kurekodi sauti, nayo ni akiba nzuri. Rekodini. Lakini rekodi humwambia mjukuu jinsi babu alivyopiga. Karatasi yenye herufi na maelezo ya pembeni humwambia jinsi ya kupiga yeye mwenyewe, kwa vidole atakavyokuwa navyo.

Karatasi saba za Mkange zimewekwa kwenye bahasha ndani ya sanduku la bati, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati za shamba. Ya kwanza, yenye wimbo wa mimba ya kwanza, ina G, Am7, D7, na C moja iliyozungushiwa duara. Juu ya duara hilo, kwa mwandiko wa binti, kuna maneno ambayo hakuna alama ya muziki ingeweza kuyabeba: hapa baba huchelewa kidogo, msubirini.